Televisheni ya Kuonjwa

Boksi la televisheni ile lilikuwa kubwa kuliko chumba nilimozaliwa. Mama yangu akinisikia atakana, lakini yeye ndiye aliyelazimika kutoa kabati nje ili boksi lipite, kwa hiyo ushahidi uko upande wangu. Ubavuni kulikuwa na picha ya kijana mwenye misuli ameshika maneti, ile mashine ndogo ya vitufe ya kuchezea gemu kwa mikono miwili, na mbele yake mpira unaowaka moto ukiruka kutoka ndani ya kioo. Juu ya mpira, kwa herufi ambazo mtu aliyesimama mlima wa pili angezisoma bila miwani, paliandikwa 4K. Chini yake, 120. Na chini kabisa, kwa rangi ya dhahabu na kwa Kiingereza, kwamba hii ni televisheni iliyoumbwa kwa ajili ya gemu.

Mimi ndiye niliyelisoma boksi lile kwa sauti mbele ya familia. Ni haki yangu. Nashona sare za shule Nyamirambo, hapa Kigali, lakini sekondari niliimaliza nikiwa mtu mzima, shule ya jioni, dawati moja na askari mstaafu aliyekuwa akikoroma kwenye hesabu na kuamka kwenye jiografia. Tangu nipewe cheti hakuna maandishi yanayoingia nyumbani kwetu bila kupita kwangu kwanza, hata maelezo ya sabuni. Boksi nililisoma kama khatibu juu ya mimbari.

"Rudia pale pa mia na ishirini," alisema mdogo wangu.

Nikarudia. Akafumba macho akatabasamu, kama mtu anayesikiliza kaswida.

Kitanda chake kiko sebuleni, kwa sababu mlango wa sebule ndio pekee unaopitisha kiti cha magurudumu. Zamani alikuwa motari. Alibeba abiria kwa pikipiki, na mimi nilimtangaza kwa wateja wangu kwamba anaweza kukutoa Nyamirambo akakufikisha Kanombe kabla chai uliyoiacha mezani haijapoa. Asubuhi moja, pale makutano ya Sonatubes, lori lilikata kona bila kumwona. Abiria wake aliinuka akajipangusa vumbi. Yeye hakuinuka. Uti wa mgongo uliumia, na kuanzia kitovuni kwenda chini mwili wake ukawa kama nyumba iliyohamwa. Milango ipo, madirisha yapo, ukibisha haitikii mtu.

Mikono ilibaki. Siku tuliyomtoa hospitali, daktari alituita pembeni, mimi na mama, akatuambia jambo moja, kisha akalirudia taratibu kwa Kinyarwanda, macho yake yakiwa kwa mama. Alisema kwa watu walioumia hivi, kuna wakati maji hukusanyika ndani ya uti wa mgongo, kidogo kidogo, bila maumivu. Yakishakusanyika hupanda juu. Yakipanda, hufika mikononi.

"Mkiona vidole vinalegea, msingoje," alisema. "Njooni wiki hiyo hiyo. Tukiwahi, tunayatoa. Tukichelewa, kilichokufa hakirudi."

Mama alilibeba neno hilo mpaka nyumbani kama mtu aliyebeba mayai. Tangu siku hiyo akawa anamtazama mdogo wangu mikono kabla ya kumtazama uso.

Na mikono yenyewe ilikuwa na kazi. Kumtembelea mgonjwa ni jambo jema, kila mtu atakwambia, lakini watu huchoka. Mwezi wa kwanza walijaa mpaka tukaazima viti kwa majirani. Baadaye wakaanza kutuma salamu, na salamu nazo zikaanza kuchelewa njiani. Waliobaki ni motari wenzake, na walibaki kwa sababu ya gemu ya mpira. Walikuja mchana kazi ikipoa, wanatundika kofia zao ngumu kwenye misumari mlangoni, wanakaa chini kwenye jamvi, na mdogo wangu anawafunga mmoja baada ya mwingine akiwa amelala ameegemea mito. Hakuna aliyemfunga. Nasema hakuna, na safari hii sijaongeza chumvi. Mtu ambaye mamake anamgeuza kitandani ili asitokwe vidonda, akishika maneti alikuwa ni mtu wa kuogopwa.

Ndiyo maana televisheni yetu ya zamani ilipokufa, ile yenye kisogo kikubwa kama cha mjomba wetu, hatukulichukulia jambo hilo kimzaha. Bila kioo, motari wasingekuja. Tukaona tangazo kwenye simu, mpira ule ule unaowaka moto, tukanunua.

Siku ya kwanza alifungwa. Ya pili pia. Aliyemfunga ni rafiki yake wa stendi moja, motari mmoja mrefu ambaye magoti yake akikaa hufika masikioni, na ambaye katika maisha yake yote ya gemu alikuwa hajawahi kushinda hata mchezo wa mazoezi.

"Leo mfalme kalala, sha," yule mrefu alisema. "Tatu bila. Nikuletee uji?"

"Niletee televisheni isiyosinzia," mdogo wangu akajibu.

Wakacheka wote. Walipoondoka akaniita.

"Kaka."

"Naam."

"Nabonyeza, yule mchezaji anapiga baadaye. Ni kama namtuma mtu dukani."

"Mashine ngeni hiyo, haijawazoea."

"Na kama si mashine?"

Alikuwa ameinua kidole gumba cha mkono wa kulia, anakitazama kama kitu alichookota. Mama alikuwa mlangoni na sufuria ya maziwa. Hakuingia wala hakutoka.

Nikachukua maneti mimi. Sikufungua mchezo. Nilikaa kwenye ule ukurasa wa mwanzo wenye orodha, ambapo ukibonyeza kitufe alama inashuka mstari mmoja. Nikasikiliza. Kitufe kinalia *tak* chini ya kidole, halafu panapita nafasi, nafasi ndogo lakini ipo, ndipo alama inashuka. Tak, halafu inashuka. Nafasi ile naijua kuliko ninavyolijua jina langu. Mkanda wa cherehani ukilegea ndivyo inavyokuwa: mguu umekanyaga, gurudumu linaanza kufikiria, sindano inaitika baadaye. Fundi mgeni hudhani mguu wake ndio wenye kosa.

"Ni hii," nikasema. "Hata kwangu inachelewa. Mkanda wake umelegea."

Sijawahi kuleta habari njema kama ile nyumbani kwetu. Mama aliweka sufuria chini akamshukuru Mungu, akakaa kitandani, akaishika ile mikono na kuibusu, mmoja baada ya mwingine. Mikono ilikuwa mizima. Mgonjwa alikuwa televisheni. Jioni ile tulikula wali kama sikukuu, na mdogo wangu alikitukana kile kioo kwa matusi ya stendi mpaka mama akamwambia apunguze, malaika wamo ndani.

Niliirudisha dukani mwenyewe, mjini. Muuzaji alikuwa kijana aliyevaa koti ambalo mimi kama fundi ningekataa hata kulipiga pasi.

"Iko na shida gani, boss?"

"Inachelewa. Ukibonyeza leo inakujibu Ijumaa."

"Lakini inawaka?"

"Inawaka."

"Sauti iko?"

"Ipo."

"Basi haijaharibika. Garanti ni ya kuharibika. Hii iko hivyo tu, ilizaliwa hivyo."

Nikamwonyesha 4K yake kwenye boksi. Hakubishana. Alilipindua boksi kwa upole, akanionyesha upande wa chini, ule unaokaa sakafuni, ambako kulikuwa na maandishi madogo kama mayai ya chawa. Nikainama na cheti changu chote. Yalisema televisheni inapokea picha ya 4K, ile kali kuliko zote. Kioo chenyewe, mstari mmoja chini, kilikuwa cha kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa kuitwa HD.

"Inapokea, boss," alisema. "Haikusema inaonyesha."

Yaani ni kama mtu anayetangaza kwamba nyumbani kwake anapokea wageni mia, nawe ukifika unakuta kiti kimoja, mia nzima mmepakatana juu yake.

"Na mia na ishirini?"

"Hiyo ni namba ya kampuni. Ya mwendo."

"Mwendo wa nini?"

Akafikiri. "Wa picha kuwa laini."

Baadaye niliisoma habari hiyo mpaka nikaielewa. Kioo kile kilibadilisha picha mara sitini kwa sekunde kama vingine vyote vya bei yake. Zile sitini nyingine televisheni ilizibuni yenyewe, ikichora picha za uongo katikati ya picha za kweli ili mambo yaonekane yanateleza. Na ili ichore, lazima izuie ile ya kweli kwanza mkononi, kama fundi anayekataa kukupa shati lako mpaka atie nakshi usiyoiomba. Kile kitufe walichokiita hali ya gemu hakikuondoa nakshi yoyote. Kiliongeza rangi ya buluu tu.

Kijana hakuichukua. Tulimpa jirani yetu, mzee anayetazama taarifa ya habari, kwa bei ya kupoza moyo. Yeye hana haja ya kubonyeza chochote. Nilimwambia kila kitu, akasema habari zenyewe huchelewa kumfikia tangu zamani.

Mama akatoa amri. Televisheni ya pili haingenunuliwa kwa boksi. Ingeonjwa.

Kwetu Rwanda, mtu akikukaribisha kinywaji huonja yeye kwanza mbele ya macho yako. Iwe maziwa, iwe togwa, hata juisi ya watoto. Ananywa funda moja, anameza ukimwona, anasema, "Haina kitu, kunywa," ndipo anakukabidhi. Wageni hudhani ni uroho. Ni kwamba kuna hofu ya zamani ya sumu, na heshima imeota juu ya hofu hiyo mpaka hofu yenyewe haionekani tena. Mama yangu, ambaye babu yake alikuja na bidhaa kutoka pwani na ambaye nyumbani hazungumzi ila Kiswahili, katika jambo hili ni Mnyarwanda kuliko mtu yeyote. Hata dawa ya kikohozi alituonjea.

"Mwenye duka aicheze yeye kwanza," alisema. "Mbele yangu. Na mashine yetu, si ya kwake."

Tukaitia mashine ya gemu kwenye mfuko wa kitambaa cha sare, maneti mbili na waya wake, tukaanza kuzunguka. Nilimwambia kila mtu kwamba tumepita maduka elfu. Yalikuwa machache kuliko hayo, lakini miguu ya mama ilivimba kama elfu. Kila duka lilikuwa na kioo kinachoonyesha filamu ile ile ya kutangazia, maua yanachanua, asali inadondoka, samaki wa rangi anapita.

"Tazama huyu samaki, mubyeyi," muuzaji mmoja alimwambia mama, kwa kumheshimu kama mzazi. "Unaona hadi magamba yake."

"Namwona," mama akasema. "Anaogelea polepole. Mwanangu hachezi na samaki. Chomeka hii."

"Hapana, hatuchomeki vitu vya nje."

"Basi kunywa mwenyewe," akasema mama, tukatoka.

Mwingine alituambia waya haufiki. Mwingine alichomeka, lakini alipoambiwa abonyeze yeye alicheka akasema yeye ni mtu mzima. Mama akamuuliza kama watu wazima hawaonji.

Siku zilikwenda hivyo. Na wakati sisi tunazunguka, nyumbani mdogo wangu alianza kushika bilauri ya chai kwa mikono miwili. Tulisema ni baridi, maana mvua zilikuwa zimeanza. Kifungo cha shati kikamshinda asubuhi moja; mama akakifunga, akasema ni fundi gani huyu anayetoboa matundu madogo hivi, na fundi ni mimi, tukacheka. Yule mrefu alipokuja kumjulia hali alimwambia umenona, umepona, bado kidogo utatupita barabarani. Tulikuwa na jibu kwa kila kitu. Tulikuwa tumeshajua kwamba mikono ni mizima. Tulilijua kwa sababu televisheni ilikuwa imethibitishwa kuwa mwongo, na mtu akishamkamata mwongo mmoja nyumbani huona raha akadhani ndiye alikuwa peke yake.

Duka tulilopata lilikuwa karibu na Sonatubes. Kufika pale ilibidi tupite makutano yenyewe. Mama hupita mahali pale akitazama vidole vya miguu yake. Nimpigie honi au nimwonyeshe rais, hainui kichwa. Dukani alikuwa mama mmoja wa makamo, miwani imefungwa kamba shingoni. Tulipomweleza, hakuuliza maswali. Wanawake wawili wakaelewana kwa jambo la kuonja kuliko mimi nilivyowahi kuelewana na mtu yeyote katika Kiswahili, Kifaransa na Kinyarwanda.

"Nitaonja," alisema. "Lakini sijui kucheza."

"Hata mimi sijui," mama akasema. "Bonyeza tu."

Tulimfuta samaki, tukachomeka mashine yetu. Nikaingia kwenye setingi nikazima kila nakshi: ulaini, ung'avu, vyote. Nikawasha hali ya gemu, nikatazama rangi. Hazikubadilika. Mwenye duka akakaa kwenye stuli, akavaa miwani, akabonyeza.

Tak, alama ikashuka. Hakuna nafasi. Mguu na sindano.

Mpira mkubwa wa kuwaka moto haukuwapo kwenye boksi la hii. Neno gemu halikuwapo. Ilikuwa ndogo kuliko ya kwanza, HD kamili na basi, haikudai mia na ishirini wala kupokea wageni isiyoweza kuwaketisha. Nililigeuza boksi nikasoma upande unaokaa sakafuni kabla ya upande wa juu, na pande zote mbili zilisema jambo moja. Yule mama aliondoa kidole kwenye kitufe akatutazama juu ya miwani.

"Haina kitu," alisema.

Yule mrefu alikuja kuichukua na gari la rafiki yake. Tuliifunga ukutani mchana ule ule. Akaketi kwenye jamvi, magoti masikioni, akiwa ameshajiandaa kufungwa. Alisema amekuja kurudisha taji kwa mwenyewe. Nikampa mdogo wangu maneti. Hakuipokea.

"Onja wewe kwanza, kaka."

"Imeshaonjwa dukani."

"Huko sikuwapo."

Mimi ni mchezaji mbaya kuliko wote Afrika ya Mashariki na sehemu za Kongo. Lakini jambo lenyewe halikutaka ufundi. Tukaweka uwanja wa mazoezi, mchezaji mmoja, mpira mmoja, goli tupu. Nikabonyeza kitufe cha kupiga. Akapiga. Nikabonyeza tena. Akapiga. Kidole na mguu wa yule mtu kwenye kioo vilikuwa kitu kimoja, kana kwamba kuna kano imepita kutoka gumba langu mpaka gotini kwake. Nikacheka kwa furaha, nikapiga magoli mengi bila kuombwa, nikatangaza kwamba nimesajiliwa Ulaya.

Nikampa. Akaiweka juu ya tumbo, akapanga vidole vyake, kimoja kimoja, kwa kutumia mkono wa pili. Hilo sikuwahi kuliona, au niliwahi kuliona nikaliita baridi. Akatazama kioo. Gumba likaanza kushuka. Lilishuka kama mtu mzee anayetafuta ngazi gizani kwa mguu, likafika, likakandamiza, na mara lilipokandamiza, mchezaji akapiga, papo hapo, bila hata chembe ya kuchelewa.

Akajaribu tena. Safari hii alikuwa haangalii kioo. Alikuwa anaangalia kidole.

Nje pikipiki ilipita ikipandisha mlima, ikabadilisha gia, ikaenda.

"Hata hii inachelewa kidogo," alisema yule mrefu. "Mimi naiona. Wallahi naiona."

Mdogo wangu hakumtazama. Alinigeukia mimi.

"Kaka, wewe ndiye uliyeonja. Ina nini?"

Watu wa mtaa wetu wanajua kwamba nikisema kuna watu hamsini wagawe kwa kumi. Hakuna anayenikasirikia kwa hilo. Mazishini na harusini huniita makusudi niwakuzie mambo. Ningeweza kumkuzia. Neno moja tu, ndiyo, hata kwangu ilisitasita, na siku ile ingeisha vizuri, yule mrefu angepoteza mchezo kwa makusudi, tungekula wali. Mama alikuwa amesimama pale pale mlangoni, pa siku ile ya maziwa. Lakini aliyeonja ameonja. Funda limeshapita kooni, watu wameliona.

"Haina kitu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayethibitisha anwani.

"Basi," alisema. "Twendeni."

Mama alikuwa ameshavaa viatu.

Hospitali daktari alikuwa mwingine, kijana, mwenye macho mekundu ya uchovu. Alimgonga vidole kwa kinyundo, akamwambia amshike mkono kwa nguvu zake zote, akasubiri. Kisha akasema, "Imeanza lini?" tukadhani anaulizia ajali. Akarudia: hali hii ilianza lini? Nikamtazama mama, mama akanitazama mimi.

"Tulidhani ni televisheni," mama akasema.

Daktari akadhani Kiswahili kimempita. Akaomba aambiwe kwa Kinyarwanda. Mama akamwambia kwa Kinyarwanda, sentensi ile ile, na kwa Kinyarwanda haikuwa na akili zaidi. Daktari alivua miwani akaifuta, akaivaa tena, akageukia mashine ya picha.

Maji yalikuwa yamepanda. Walimpasua, wakayafungulia njia, na yakasimama yalipofika. Vilivyokuwa vimeshakufa havikurudi: gumba la kulia na jirani yake, na nguvu ya kufunga ngumi. Mkono wa kushoto ukabaki. Hatukumuuliza daktari ingekuwaje tungekuja siku ile aliyofungwa tatu bila. Yeye naye hakutuambia. Nadhani alituhurumia, au hakuwa na nafasi, kwani nje ya mlango benchi lilikuwa limejaa. Alisema tu kwamba maji haya yana tabia ya kurudi, na kwamba mkono wa kushoto tuutazame.

Nimefikiri sana kuhusu yule kijana wa duka, katika koti lake baya. Nimemwandalia hotuba ndefu ambazo mji mzima ungesimama kuzisikiliza. Lakini najua angenijibu nini. Angeniuliza kama inawaka.

Yule mrefu bado anakuja, si mara nyingi kama zamani. Hachezi na mdogo wangu tena. Anacheza yeye na wengine, na mdogo wangu anawaelekeza kwa mdomo, pasi hapa, rudi nyuma, wewe ni ng'ombe. Ana ukali wa kocha aliyekosa posho. Wanamsikiliza, na wanaposhinda humwambia ni yeye aliyeshinda, naye huwatukana kwa uongo wao.

Ila asubuhi, kabla sijaenda kwenye cherehani, kuna kazi ya watu watatu. Mama anafungua pazia. Mimi nawasha televisheni, naweka ule uwanja mtupu, mchezaji mmoja, mpira mmoja. Nabonyeza mimi kwanza, kila siku, hata kama jana ilikuwa safi, maana kinywaji cha jana hakionjei cha leo. Tunatazama mpira ukienda golini.

"Haina kitu," nasema.

Kisha nampa. Anaiweka juu ya tumbo, anapanga gumba la kushoto juu ya kitufe, mama anakuja kusimama karibu na kitanda, na tunangoja.